Kocha Aliyetuita Mali

Neno moja dogo, ambalo sisi hulitamka bila hata kufikiri, nusura limnyime Rodel Macaraeg kazi aliyoumbiwa. Nasema nusura kwa sababu mambo yaliisha vizuri, na mimi ni mtu wa kushukuru, ingawa wenzangu wa ghalani hapa Garland, kando ya Dallas, watakuambia kwamba Dévote ni mtu wa kufoka. Wao na mimi wote tuko sahihi. Nafoka haraka, nashukuru kwa muda mrefu.

Timu yetu yenyewe ilizaliwa kwa kufoka. Kila mwaka, wikendi ya Labor Day, sikukuu ya Septemba, jumuiya za Afrika Mashariki za Dallas na Houston hukutana Sugar Land, kando ya Houston, kwa mashindano. Wanaume hucheza mpira wa miguu na mpira wa kikapu. Sisi wanawake wa misa ya Kiswahili tulikuwa tunashushwa hadi Houston pamoja na sufuria zetu, tunapika pilau, tunapakua, tunaosha, tunarudi. Mwaka mmoja bwana fulani, ametoka uwanjani ambako hakupata hata kikapu kimoja, alikuja kwenye meza yangu akalalamika kwamba nyama ni chache. Nikamwambia ni chache kama vikapu vyake. Watu walicheka, lakini mimi sikuwa natania. Palepale nikawatangazia wanawake wenzangu kwamba mwaka unaofuata tunakuja na timu yetu, na anayetaka pilau aje na mwiko wake.

Maneno hayo yalinitoka kabla sijakumbuka kwamba sijui kucheza. Nilizaliwa kambini huko Kigoma, kwa wazazi Warundi, na mpira wa utotoni kwangu ulikuwa wa mifuko ya plastiki, tena wa kaka zangu. Carmen, Mrundi mwenzangu anayesafisha vyumba vya hoteli, aliniambia kwa ile sauti yake ya kuomba radhi kwamba atakuwa kwenye timu kwa sharti moja, asipewe mpira. Aliyejua kidogo alikuwa Kagendo, Mkenya, nesi wa Carrollton, ambaye alicheza akiwa sekondari Meru na hajawahi kutuacha tulisahau hilo. Kagendo ndiye aliyesema timu ni kocha, na kocha anamjua.

"Kuna Mfilipino, bwana ya Marivic wa kwetu kazini," akasema. "Huyo msee ali-play pro huko Manila, si mchezo. Siku hizi ana-drive tu gari ya kupelekea wagonjwa oksijeni."

Nilitegemea mnara. Akaja mtu ninayemzidi kimo, mwembamba, anachechemea kidogo goti la kushoto, amevaa fulana ya kampuni yake ya oksijeni. Alitusalimia kwa kuinamisha kichwa, kisha akatukimbiza ukumbi mzima wa parokia, mbele, nyuma, ubavu, bila kutoa mpira hata mmoja kwenye mfuko. Mimi sikuvumilia. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kama tumekuja kucheza au kuandamana. Akachukua mpira mmoja akanirushia papo hapo, ukanigonga kifua nikaketi chini. Akaja akaninyanyua. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba mikono yangu ilikuwa imelala.

Tangu siku ile jambo alilotufundisha kuliko yote lilikuwa hilo la mikono. Onyesha mikono, alikuwa akisema. Omba mpira. Asiyeuomba hapewi. Ukiniona leo huwezi kuelewa jinsi lilivyonisumbua. Nimeishi miaka yangu yote nikibeba vitu nilivyopewa: ndoo, mtoto, makaratasi ya ukimbizi, maboksi. Tangu nifike Marekani nimefundishwa mambo mengi, na yote yalikuwa ya kunifanya nifae kazini: Kiingereza cha kazini, usalama wa kazini, namna ya kuinua mzigo bila kuvunja mgongo. Rodel ndiye mtu wa kwanza aliyenifundisha kitu kisichomfaidi bosi yeyote. Jumamosi moja niliinua mikono katikati ya watu nikaita kwa sauti, na mpira ukanijia kama ulikuwa unanisubiri. Nilifika nyumbani nikamweleza binti yangu Ella. Akasema, "Mom, that's literally just passing." Yaani ni pasi tu. Sikumjali. Nilifurahi juma zima.

Kiingereza cha kocha kilikuwa kama chetu, kizuri mpaka apandwe na mori. Akipandwa, lugha ya kwao inamtoka, na maneno yake mengine yalifanana na yetu ajabu. Lililomtoka zaidi lilikuwa mali. Mpira ukimponyoka Carmen, utamsikia kutoka pembeni, "Mali!" Carmen akirusha ukapita juu ya ubao, "Mali, mali!" Sisi tulipigwa na butwaa. Kagendo akasema lazima huyu mzee ame-google Kiswahili ili atutie moyo, na tukaliona ni jambo la upendo sana: mtu anakosea mbele ya wenzake, na kocha anamkumbusha kwamba yeye ni mali. Aliyeitwa mali kuliko wote ni Carmen, maana alikosea kuliko wote. Na kadiri alivyoitwa ndivyo shingo yake ilivyonyooka. Akaanza kufika mapema. Akaacha kuomba radhi kwa viti anapovigonga.

Neno la pili lilituudhi. Unampita mtu vizuri, unasimama mahali pako hasa, mpira uko mkononi mwako, na kocha anapaza sauti, "Tamaa!" Basi tukaelewa kwamba hataki mtu ang'ang'anie mpira. Kila tukisikia tamaa tuliutoa haraka kama sufuria ya moto. Tukawa timu ya pasi nyingi kupita kiasi, na nilikuwa namwona anajishika kichwa.

Na kila alichotuagiza tulimjibu kwa adabu. Rudi nyuma. Sawa, kocha. Kunja magoti zaidi. Sawa, sawa. Kagendo, kwa kukaa na manesi wa Kifilipino, alikuwa amejua namna yao ya kusema asante, salamat po, nasi tukaipenda kwa kuwa imekaa kama salama yetu. Mazoezi yakiisha tulisimama mstari mmoja tukamwambia kwa pamoja, "Sawa, kocha. Salamat po." Yeye aliinamisha kichwa, akaenda kuokota mipira yake. Hakuwahi kuketi nasi kunywa chai, hata siku Carmen alipoleta maandazi ya moto. Nilidhani ni maringo ya mtu aliyewahi kuwa kwenye mabango.

Safari ya Houston ilipofika, nilipanda gari moja na mkewe, Marivic. Rodel alitangulia na gari la wanaume, akilinda mfuko wake wa mipira. Ni Marivic aliyenisimulia habari za mumewe, kuanzia tulipotoka Dallas mpaka tuliposimama kituo cha mafuta cha Buc-ee's, Madisonville, na kutoka pale mpaka Sugar Land, maana yule dada akianza hana breki.

Rodel alikulia mkoa wa Pangasinan, kwenye mabwawa ya kufugia samaki, akirusha mpira kwenye kipete kilichopigiliwa kwenye mnazi. Alicheza na ndala, na ndala moja siku zote iliishia bwawani. Kutoka huko alichukuliwa kwenda Manila. Kule kwao timu za kulipwa huitwa majina ya bidhaa za wenye timu, kwa hiyo mume wa Marivic alikula ujana wake kwenye timu yenye jina la rangi ya nyumba, na mji mzima ulimshangilia. Hakuwa mfungaji. Sifa yake ilikuwa kuwapa wengine. Aliweza kutazama kulia na mpira ukaenda kushoto, mikononi mwa mtu ambaye mwenyewe hakujua kwamba yuko tayari. Goti lilipokataa, alibaki kwenye timu ileile kama msaidizi wa kocha, na baadaye akapewa timu yote. Msimu wa kwanza aliifikisha nusu fainali. Msimu wa pili wachezaji walikwenda kwa mwenye timu kwa kundi wakasema wamemchoka. Mwenye timu akamwita, akamfikishia neno lao kama walivyolisema. Rodel hakuuliza ni nani wala kwa nini. Alikabidhi filimbi, akaenda nyumbani, akalala na viatu vyake.

Marivic alipopata kazi ya unesi Texas, mumewe alimfuata, akashika usukani wa gari la oksijeni, na hakugusa mpira tena mpaka Kagendo alipomwomba. Marivic aliniambia hayo huku akitazama malori nje. Alisema mumewe anaweza kazi moja tu hapa duniani, na ndiyo hiyo anayoiogopa. Kila usiku wa kuamkia mazoezi yetu alikuwa akimwombea asirudi nyumbani amevunjika.

Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi wa shule moja ya binafsi, mzuri mno, sakafu inang'aa mpaka unaona haya kuikanyaga. Tulishinda mchezo wa kwanza. Sitadanganya, waliotukabili walikuwa wametoka kwenye sufuria kama sisi, lakini ushindi ni ushindi, na nilimtafuta yule bwana wa nyama ili anione. Fainali tulikutana na manesi wa Houston, wasichana wenye miguu mirefu. Tulikimbizana nao mpaka dakika za mwisho.

Hapo ndipo Carmen alipopata mpira akiwa peke yake chini ya kikapu. Akarusha, ukagonga chuma ukarudi. "Mali!" kocha akapaza sauti, amesimama kwa mguu mmoja. Na Carmen, mbele ya watu wote wale, akatabasamu. Akaurukia mpira uleule, akaudaka, akarusha tena kwa utulivu kama anatandika kitanda, ukaingia. Tulipoteza kwa kikapu kimoja mwishowe. Hakuna aliyelia. Tulikumbatiana kwa kelele mpaka refa akatuomba tutoke uwanjani.

Mkuu wa michezo wa shule ile, mama wa makamo wa Kimarekani mwenye filimbi shingoni, alikuwa ameangalia mchezo wote. Alimwendea Rodel, wakazungumza kando, akampa kadi. Habari ilitufikia kabla ya pilau kuiva: shule inatafuta kocha wa wasichana, na yule mama alisema ametafuta muda mrefu mtu ambaye akimpigia mchezaji kelele, mchezaji anatabasamu. Tulipiga vigelegele. Kisha tukamwona Rodel anatikisa kichwa, anamrudishia kadi kwa mikono miwili, anainama na kuondoka.

Nilimkuta Marivic kwenye bomba la nje, anasugua sufuria ambayo wanaume walikuwa wameunguza, maana mwaka huo pilau walipika wao. Alikuwa analia na kusugua kwa hasira. Kagendo alikuwa pembeni yake. Nikamuuliza kwa nini mumewe amekataa.

"Anasema hawezi kwenda kuwatesa watoto," Marivic akasema. "Ninyi ni watu wazima, mkichoka mnaweza kutokuja. Mtoto hana pa kwenda. Anasema atabaki na ninyi tu, kwa kuwa mmemchoka lakini mna heshima, na mnaendelea kuja."

Nikamuuliza nani kamwambia tumemchoka. Nilikuwa nimeshaanza kufoka.

"Ninyi wenyewe. Kila Jumamosi. Nilidhani Kagendo amewafundisha, kama alivyowafundisha salamat po." Akafuta pua kwa mkono wenye povu. "Mnamwambia sawa. Kwetu ni kuchoshwa na mtu, kumkinai. Sawa, kocha. Wakati mwingine mnarudia, sawa, sawa, yaani mmemkinai kabisa. Halafu mnasimama mstari: tumekuchoka, kocha, asante. Ndilo neno lile lile la wale wa Manila."

Nikahesabu moyoni zile sawa zetu zote, nikashindwa. Ule uso wake uliokuwa ukifunga kila tukimjibu. Ile haraka ya kwenda kuokota mipira. Maandazi ya Carmen yaliyopoa mezani. Mtu alikuwa akija kwetu kila wiki kutukanwa kwa adabu, akitufundisha, akirudi kwake, na wiki ifuatayo anakuja tena.

Marivic alikwenda kumwaga maji. Kagendo akanishika mkono, akanong'ona kwa Kiswahili, "Dévo, ngoja kwanza. Akijua hii kitu, ata-accept ile job. Watahamia Houston. Tukinyamaza, tunabaki naye."

Nilimkasirikia, na nilimkasirikia zaidi kwa sababu wazo hilo lilikuwa limenipitia mimi kabla yake. Nilimtaka yule kocha. Nilitaka Jumamosi zangu. Nilijua vizuri kwamba hakuna mwingine atakayekuja kwenye ukumbi wa parokia kuwafundisha wanawake wenye watoto na migongo mibovu namna ya kuomba mpira. Lakini mtu amekufundisha kuinua mikono, halafu wewe umfunge yake? Nikamwambia Kagendo asinifuate, nikaenda.

Rodel alikuwa nyuma ya gari la wanaume, anapanga mipira kwenye mfuko wake. Nikamwambia asimamishe kazi, aketi. Aliketi pale mlangoni mwa gari, goti amelinyoosha, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu ambayo alishaisikia.

"Kocha," nikamwambia, "sawa si lugha yenu. Ni Kiswahili. Maana yake ni ndiyo, nimeelewa, nitafanya."

Akatoa mpira mmoja kwenye mfuko, akaupakata.

"Tunawaambia hivyo wazazi. Tunamwambia hivyo padri. Hakuna aliyekuchoka. Hakuna hata mmoja, hata siku moja."

Aliuzungusha mpira mapajani. Akaniuliza taratibu kama ndivyo tulivyomaanisha mwaka mzima. Nikamwambia ndiyo, mwaka mzima, kila tulipokujibu. Akaniomba nilitamke tena neno lile, nikalitamka, akalirudia kwa midomo bila sauti. Akafuta macho kwa ukosi wa fulana, nikageuza uso kumpa nafasi, maana mwanaume wa watu si wa kutazamwa hivyo.

Baadaye kidogo akakohoa. Akasema kuna jambo jingine limekuwa likimshangaza, na kwa kuwa leo tunafunguliana, aulize. Kwa nini Carmen hutabasamu kila anapomwambia amekosea?

Nikamuuliza umemwambia lini amekosea, mbona sisi hatujawahi kusikia.

"Kila wiki," akasema. "Hata leo, mbele ya watu. Mali. Yaani kosa, si hivyo."

Nilicheka mpaka nikashika gari. Alidhani nimepata wazimu. Nilipopata pumzi nikamwambia mali kwetu ni nini: ni utajiri, ni kitu cha thamani, ni kile ambacho moto ukitokea unakiokoa kwanza. Nikamwambia mwanamke yule amefagia vyumba vya wageni kwa miaka na hakuna aliyewahi kumwita hivyo, wala nyumbani wala kazini, na wewe ulikuwa unamwita kwa sauti ya juu kila Jumamosi. Safari hii hakujaribu kujificha. Alilia waziwazi, machozi yanadondokea mpira, na mimi nikalia naye, tunacheka na kulia kama wendawazimu wawili kwenye maegesho ya Sugar Land, jua likituchoma.

Na tamaa je, nikamuuliza. Akasema hilo maana yake ni vizuri, ndivyo hasa. Kwa hiyo kila tulipofanya sawasawa na alivyotaka alitusifu, na sisi tukaachia mpira kwa hasira. Alijipiga paji la uso. Akasema haelewi tumefikaje fainali. Nami sielewi.

Alipotulia nikamwambia yule mama wa filimbi bado yuko ndani. Akanitazama sana. Nadhani alikuwa anaelewa ninachompa, na kwamba nacho kinaniuma. Akauliza, na ninyi?

"Sisi umeshatufundisha kuomba," nikamwambia. "Tutamwomba mwingine. Nenda, kabla sijabadili nia."

Alisimama, akanikabidhi mpira, akaingia ndani akichechemea. Marivic alimwona akipita akaacha bomba likimwaga maji hovyo. Kagendo alikuja akasimama kando yangu, akaniegemea. Yeye ni mwema, ila ana akili ya haraka.

Carmen hatukumwambia, si mimi wala Rodel. Siku ya kuaga, kocha alimpigia kelele ileile, kwa makusudi safari hii, akijua anachokisema kwa Kiswahili, na Carmen akatabasamu kama kawaida. Hilo nitalibeba mwenyewe, na padri akinilaumu nitajua cha kumjibu. Jumamosi hiyo Rodel aliketi nasi kwa mara ya kwanza. Alikula maandazi mengi kuliko mtu yeyote.

Walihamia Houston, na Marivic akapata hospitali hukohuko. Siku hizi mazoezi tunaongozwa na Kagendo, ambaye anatukimbiza kama ana kisasi. Sijaacha kumkumbuka kocha. Kuna Jumamosi ninapouona mlango wa ukumbi unafunguka moyo unanidunda, kumbe ni mtu wa kufagia. Lakini sijajuta hata kidogo, na kila misa nawataja, yeye na mkewe, kwa majina yao.

Juzi alinipigia simu nikiwa kwenye maegesho ya ghala, dakika chache kabla ya zamu. Alikuwa ametoka mazoezini na wasichana wake. Akaniambia kuna mmoja, mrefu, mwenye kipaji kuliko wote, ambaye wiki nzima hakumjibu neno. Anakunja uso, anajiburuta, anaketi mbali na wenzake. Leo alimtazama akaona Manila yote inarudi. Alikwenda akachukua funguo za gari. Akafika mlangoni.

Nikamuuliza, sasa ukafanya nini.

Akasema alirudi. Aliketi sakafuni karibu na yule mtoto, goti likimlalamikia, akamuuliza kwa mdomo wake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kumuuliza mchezaji maishani mwake: umenichoka? Msichana alimshangaa sana. Akamwambia hapana, kocha, viatu vinanibana, na mama amesema nisubiri Krismasi.

Nilisikia anapumua upande wa pili, na sauti za watoto nyuma yake, na mipira inadunda.

"Dévote," akasema, "unadhani wale wa Manila walikuwa na nini?"

Nikamwambia sijui. Akasema naye hajui, ila usiku huu, kule kwao kukishapambazuka, atampigia mmoja wao amuulize.